Mkopo wa Mtandaoni na Majina Yaliyomo Kwenye Simu Yako

Anayekopa kwa programu tumizi ya simu haombwi hati ya nyumba wala barua ya mwajiri. Huingiza namba ya kitambulisho, kisha programu humtaka airuhusu isome orodha ya majina, ujumbe na picha, naye hubonyeza "Ruhusu" kwa kuwa fedha inahitajika asubuhi hiyo hiyo. Hapo dhamana imeshawekwa, tena si mali yake: ni mama mkwe, mkuu wake wa kazi na mweka hazina wa kikoba, ambao marejesho yakichelewa hutumiwa ujumbe wa kumwita tapeli aliyewaandikisha kuwa wadhamini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi mahsusi na halali, na zisitumiwe kinyume na kusudi hilo. Kumwaibisha mdaiwa mbele ya ukoo haliwezi kuwa kusudi la namna hiyo. Jambo ambalo wananchi wengi hawalitambui ni kwamba hata yule ambaye hakukopa chochote, lakini namba yake imechotwa kwenye simu ya jirani, naye ni mhusika wa taarifa, na anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa Aprili 2024. Kwa bahati mbaya, wengi huufuta ujumbe huo kwa hasira au aibu na kubaki bila ushahidi. Ni vyema kwanza kuupiga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa.

Kwa upande wa leseni, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2024 majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hatua hiyo ilistahili, ingawa programu iliyofungwa leo yaweza kurudi kesho kwa jina jingine. Google nayo, tangu Mei 2023, imezikataza programu za mikopo zilizomo dukani mwake kusoma majina na picha. Kwa hiyo programu inayopakuliwa kwa kiungo cha WhatsApp, kisha ikadai majina, itiliwe shaka mapema.

Mkopaji apige hesabu pia. Tuseme ameomba shilingi 100,000, akakatwa "ada" akapokea 70,000, na baada ya siku saba anadaiwa 100,000 kamili. Amelipa 30,000 kwa kutumia 70,000 juma moja, yaani takriban asilimia 43, hata kama tangazo lilisema mkopo hauna riba.

Malalamiko kwa Tume hayafuti deni. Mkopaji aendelee kulipa anachodaiwa kihalali, atunze risiti za miamala, na majadiliano ya marejesho ayafanye kwa maandishi.