Maambukizi fiche: ugonjwa unaosafiri ndani ya tunda zima

Chukua embe lililokomaa, bado kijani, lisilo na kovu wala mchubuko. Lioshe, lifute, liweke mezani. Baada ya siku chache linaanza kugeuka manjano na kunukia. Kisha vinachomoza vidoa vyeusi vidogo kama kichwa cha pini. Kesho yake vimetanuka na kuungana, na ukibonyeza hapo kidole kinazama. Ugonjwa huo ulikuwamo kwenye ganda tangu shambani. Hali hii ya tunda kubeba ugonjwa bila dalili yoyote ndiyo inayoitwa maambukizi fiche.

Kwenye embe mhusika mkuu ni chule, ugonjwa unaoletwa na kuvu wa jamii ya Colletotrichum. Kuvu hao hukaa kwenye vijiti vikavu na majani yaliyokufa juu ya mti. Mvua ikinyesha, matone huirusha mbegu yao hadi kwenye maua na vitunda vichanga. Mbegu ikipata unyevu huota, hujibandika kwenye ganda kwa kijipande cheusi kigumu kisichoonekana kwa macho, na kutoka hapo hupenyeza kijimzizi chembamba kama sindano. Halafu hutulia, maana ganda la embe bichi lina kemikali zinazomzuia kuvu kukua. Tunda likianza kuiva kinga hiyo hushuka, ganda hulainika, na kuvu aliyelala kwa wiki au miezi huamka. Parachichi lina kinga ya namna hiyo pia, ndiyo maana linaweza kuwa safi likiwa gumu, ukalikata limelainika ukakuta mabaka ndani.

Kwa hiyo jina "magonjwa ya baada ya mavuno" linapotosha, na linawaumiza watu. Mzigo ukifika na madoa, lawama humwangukia dereva, au aliyefungasha, au baridi ya kontena. Mara nyingine ni kweli wamekosea. Lakini kwa chule, kosa mara nyingi lilitokea mwembe ukiwa kwenye maua, mvua inanyesha na hakuna aliyepogoa wala kupiga dawa ya shaba. Ukiona embe lina michirizi myeusi inayoshuka kutoka kwenye kikonyo kama machozi, hapo ndipo maji yalipopita na mbegu za kuvu.

Je, baridi haiponyi? Baridi hupunguza kasi tu. Tena embe halivumilii baridi kali: likikaa muda mrefu chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ganda hubonyea na kuwa la kijivu, na tunda hushindwa kuiva vizuri. Ndiyo maana husafirishwa kwenye nyuzi 12 au 13 hivi. Kinachomfikia kuvu aliye kwenye ganda ni maji ya moto: nyuzi 52 kwa dakika 5, kisha tunda lipozwe. Zikizidi, ganda huungua. Zikipungua, kuvu hubaki hai. Kazi hii inahitaji kipimajoto cha kuaminika na mtu wa kukisoma kila mara. Isichanganywe na ile ya maji ya nyuzi 46 kwa zaidi ya saa moja, ambayo Marekani huidai kwa maembe ya Meksiko au Peru ili kuua mayai na funza wa nzi wa matunda.

Kwa parachichi linalotoka Mombasa kwenda Ulaya, muda ndio adui. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, njia ndefu zaidi, na kila siku ya ziada baharini humsogeza kuvu karibu na kuamka. Wafungashaji makini huhifadhi matunda machache ya kila mzigo, huyavundika kwenye chumba chenye joto, na kuyakata yakiiva. Kinachoonekana humo ndicho kitakachoonekana ng'ambo, na shamba lililotoa tunda hilo linajulikana kwa namba iliyoandikwa kwenye kreti.