Hewa ukaa ikiongezeka, je, misitu hunufaika? Dhana potofu na ukweli wake

Kabla ya viwanda kuenea, takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa zilikuwa kabonidayoksaidi, gesi ambayo wengi huiita hewa ukaa. Vipimo vya mfululizo vilivyoanza mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa, Hawaii, vilianzia karibu 315, na kufikia mwaka 2024 wastani wa mwaka ulikuwa umepita 420. Kwa kuwa gesi hiyo ndiyo malighafi ambayo jani hutengenezea sukari, wapo wanaosema kwamba misitu ndiyo itakayofaidi mabadiliko haya. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, na ni chembe hiyo inayofanya upotofu wake uwe mgumu kung'oa.

Dhana: Hewa ukaa ni chakula cha mti, hivyo ikiongezeka mti hukua zaidi.

Nusu ya kwanza inakubalika. Kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho hunasa kabonidayoksaidi ndani ya jani, mara nyingi hukosea na kunasa oksijeni badala yake, na kila kinapokosea mti hupoteza sehemu ya kaboni uliyokwisha kuipata. Gesi hiyo ikiwa nyingi hewani, makosa hayo hupungua na usanisinuru, yaani utengenezaji wa sukari kwa nguvu ya mwanga, huongezeka. Hilo hupimika, wala halina ubishi.

Tatizo ni kwamba sukari si mbao. Ili sukari igeuke kuwa seli mpya za shina, mti unahitaji naitrojeni, fosforasi, maji na halijoto inayofaa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoongezeka kwa sababu tu hewa ukaa imeongezeka. Watafiti wamelijaribu jambo hili msituni kwenyewe, kwa kuizungushia miti iliyosimama wazi mabomba yanayoipulizia gesi hiyo, na majibu waliyoyapata hayafanani. Huko Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, Marekani, miti ya likwidamba iliyopuliziwa gesi iliongeza uzalishaji wake kwa karibu robo katika miaka ya mwanzo, lakini kufikia mwaka 2008 ongezeko lilikuwa limeshuka hadi asilimia 9 hivi kwa sababu naitrojeni ya udongo ilikuwa ikizidi kuadimika. Katika jimbo la North Carolina, misonobari ya Chuo Kikuu cha Duke iliendelea kunufaika kwa miaka mingi, kwa kuwa ilipeleka kaboni zaidi mizizini na hivyo kuweza kuvuna naitrojeni zaidi kutoka ardhini.

Jaribio linalonishawishi kuliko yote ni lile la mikaratusi ya asili karibu na Sydney, Australia, lililoanza mwaka 2012. Miti ile ilikuwa imekomaa, na udongo wake ni maskini wa fosforasi. Ilinasa kaboni zaidi kwa takriban asilimia 12, lakini mashina hayakunenepa kuliko ya miti jirani isiyopuliziwa. Kaboni ya ziada ilipita mizizini, ikaliwa na vijidudu vya udongo, kisha ikarudi hewani kwa njia ya upumuaji. Hata hivyo, mtu asikimbilie kusema kwamba miti mizee haiwezi kuitikia kabisa. Mialoni yenye umri wa karibu miaka 180 katika jimbo la Staffordshire, Uingereza, imeonyesha ongezeko la mbao la takriban asilimia 10 katika miaka saba ya jaribio kama hilo. Anayenukuu jaribio moja tu kati ya haya amekwisha kuchagua jibu kabla ya kuuliza swali, kwa maana udongo ndio unaoamua sehemu kubwa ya matokeo.

Dhana: Mti utatumia maji kidogo, kwa hiyo ukame hautausumbua.

Hapa pia upotofu umesimama juu ya jambo la kweli. Stomata, yaani vile vitundu vidogo vya jani vinavyoingiza hewa na kutoa mvuke, hujibana kabonidayoksaidi inapokuwa nyingi, na kwa kila gramu ya sukari mti hupoteza maji machache zaidi. Lakini gesi hiyohiyo hupasha dunia joto, na hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka. Mvuke uliomo hewani usipoongezeka kwa kiwango hicho, hewa huwa na kiu zaidi na huuvuta unyevu wa majani kwa nguvu zaidi. Isitoshe, jani lililofunga stomata hukosa ule ubaridi unaoletwa na mvuke unaotoka, likawa na joto kuliko hewa inayolizunguka.

Mvuto huo ukizidi, mapovu ya hewa huingia katika mirija inayopandisha maji na kuikata mikondo yake. Mti ambao mirija yake mingi imezibwa hivyo hufa hata kama baadaye mvua itanyesha. Wakati wa ukame mkali wa California, kati ya mwaka 2012 na 2016, zaidi ya miti milioni 100 ilikufa, na mingi haikumaliziwa na kiu peke yake: msonobari uliopungukiwa maji hushindwa kutoa utomvu wa kutosha kuwazuia mbawakawa wanaochimba chini ya gome.

Dhana: Mti unaokua haraka huhifadhi kaboni nyingi zaidi.

Msitu ni kama mtungi unaojazwa juu huku ukivuja chini, na kiasi kilichomo hutegemea pia kasi ya kuvuja. Pete za ukuaji ndani ya mashina ya spishi nyingi zinaonyesha kwamba miti inayokua haraka ujanani huelekea kufa mapema. Maeneo ya kudumu ya upimaji katika Amazon yamebainisha kwamba uwezo wa msitu ule kufyonza kaboni umekuwa ukipungua tangu miaka ya 1990, kwa sababu vifo vya miti vimeongezeka huku kasi ya ukuaji ikitulia. Misitu ya mvua ya Afrika ilikwenda bila kushuka kwa muda mrefu zaidi, lakini dalili za kupungua zimeanza kuonekana huko pia.

Dhana: Picha za satelaiti zinaonyesha dunia ikizidi kuwa kijani, basi misitu ni salama.

Ukijani huo ni wa kweli. Ila satelaiti zinapima eneo la majani, hazipimi mbao, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na kilimo na upandaji miti nchini China na India.

Dhana: Hali ya hewa ikibadilika, miti itahamia panapoifaa.

Mti hauhami, kinachohama ni mbegu, kizazi baada ya kizazi. Chavua iliyohifadhiwa katika matope ya maziwa inaonyesha kwamba baada ya zama za barafu spishi nyingi zilisogea kwa kasi ya mamia ya mita kwa mwaka, tena katika ardhi isiyokatwakatwa na mashamba na miji. Mlimani, kupanda mita mia chache kunatosha kupata ubaridi uliopotea, mpaka kilele kitakapofikiwa. Tambarare, safari ni ya kilomita nyingi. Kwa sababu hiyo jimbo la British Columbia, Kanada, limebadilisha taratibu zake ili mbegu za kupanda zichukuliwe kutoka maeneo ambayo hali yake ya hewa inafanana na ile inayotarajiwa siku za usoni mahali zitakapopandwa. Njia hiyo nayo ina ugumu wake, kwani mche uliochaguliwa kwa ajili ya joto la baadaye lazima kwanza uvumilie baridi ya leo, na jalidi moja la majira ya kuchipua laweza kuuua kabla haujafikisha urefu wa goti.