Kikomo cha gesijoto siyo kodi, na kibali cha bure siyo bure

Wiki iliyopita tena. Nimemaliza mada yangu kwenye semina kuhusu kikomo cha gesijoto (moshi unaopasha dunia joto), yaani serikali inaweka ukomo wa tani za moshi na kutoa vibali, kimoja kwa kila tani, vinavyouzwa na kununuliwa; jamaa mmoja ananyoosha mkono: "Lakini hiyo si ni kodi tu wameibadilisha jina?" Ukumbi mzima unatikisa vichwa kukubali. Nimeshalijibu hili swali mara nyingi mno jamani, leo naliandika kabisa ili nikiulizwa tena nitume linki.

Kazi yangu ni kuhakiki ripoti za gesijoto, nakaa na risiti za dizeli na mita za gesi za kiwanda mpaka tani zikubali. Kwenye kodi serikali inapanga bei, tani zitakuwa ngapi mtaziona mwisho wa mwaka. Kwenye kikomo serikali inapanga tani, inatoa vibali kulingana na hizo tani, halafu bei mtaikuta sokoni, inaweza kuwa kubwa na inaweza kuwa karibu na sifuri. Ulaya mwaka 2007 bei ya kibali ilianguka ikakaribia sifuri kwa sababu vibali vilitolewa vingi kuliko moshi wenyewe, Februari 2023 ikavuka euro 100. Nionyesheni kodi inayofanya hivyo.

Hili neno "kodi" lilishika kasi Marekani, kwenye vita ya muswada wa kikomo wa wabunge wawili wa Democrat, Waxman na Markey. Ulipita Baraza la Wawakilishi tarehe 26 Juni 2009 kwa kura 219 kwa 212, Republican 8 tu wakiuunga mkono na Democrat 44 wakiukataa. Ndani yake kulikuwa na jedwali la vibali mwaka kwa mwaka, milioni 4,627 mwaka 2012 mpaka milioni 1,035 mwaka 2050. Ndiyo roho ya muswada hiyo, lakini wapinzani hawakugusa jedwali, walisema kila familia italipa dola 3,100 kwa mwaka, namba waliyoitoa kwenye utafiti wa chuo cha MIT ambao mtafiti wake mwenyewe alilalamika kuwa wameutumia vibaya. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria wastani wa dola 175 kwa kaya kwa mwaka 2020. Seneti haikuupigia kura kabisa. Oktoba 2010 Joe Manchin, Democrat wa West Virginia kwenye makaa ya mawe, akigombea useneta, alitoa tangazo la TV anautoboa muswada kwa risasi. Na chombo chenyewe, kikomo na vibali, ni kilekile alichosaini Rais Bush mkubwa, Republican, mwaka 1990 kupunguza salfa inayoleta mvua ya tindikali, na kikafanya kazi kwa gharama ndogo kuliko ilivyohofiwa.

Sasa hapa ndipo panaponiudhi zaidi. Mtu akishakubali kuwa siyo kodi anahamia hapa: "Sawa, lakini vibali vingi vinagawiwa bure, kwa hiyo bei ya umeme haipandi na kiwanda hakibadiliki." Yote mawili siyo kweli. Chukua tiketi ya Simba na Yanga. Umepewa bure na rafiki, getini kuna mtu anakupa elfu thelathini. Ukiingia uwanjani umeiacha elfu thelathini nje, haijalishi tiketi uliipataje. Kampuni ya umeme ni hivyohivyo, kila tani inayochoma inatumia kibali ambacho ingeweza kukiuza, kwa hiyo hiyo thamani inaingia kwenye bei ya umeme. Ujerumani na Uingereza baada ya 2005 makampuni yalipewa vibali bure, wateja wakachajiwa kana kwamba vimenunuliwa, faida ya mabilioni ikabaki kwa makampuni, ndiyo maana tangu 2013 wazalishaji wa umeme Ulaya karibu wote wananunua kwenye mnada. Na kwa sababu hiyohiyo kiwanda chenye vibali vya bure bado kina hamu ya kupunguza, tani isiyochomwa ni kibali cha kuuza. Bure inaamua nani anabaki na hela. Kikomo hakisogei.

Kuna pale ambapo hili linabadilika: bei ya umeme ikipangwa na mdhibiti kwa gharama halisi, kibali cha bure kinaweza kweli kumfikia mteja. Waxman na Markey walipanga kuwapa wasambazaji wa umeme vibali vingi vya bure kwa hesabu hiyo, kwa masharti viwanufaishe wateja. Kwa hiyo nchi ikileta sheria hii, mimi nauliza kwanza umeme wao unapangiwaje bei.

Na haraka haraka: kibali siyo krediti ya kaboni, ile inayotolewa kwa mradi uliopunguza moshi, kama wa kupanda miti. Marekebisho ya sheria ya tabianchi Kenya ya 2023 yanahusu krediti, miradi, na mgao wa jamii, hayamwekei mtu kikomo cha tani. Msichanganye.

Kitu kimoja kinanisumbua. Waxman na Markey walitaka moshi ushuke asilimia 17 chini ya kiwango cha 2005 ifikapo 2020. Marekani ilifika huko bila sheria hiyo, gesi ya bei rahisi iliyasukuma makaa ya mawe pembeni, upepo ukaongezeka, kisha korona ikamalizia. Kwa hiyo huenda kile kikomo kwa miaka kumi ya mwanzo kisingembana mtu, na vibali vingelundikana kama Ulaya baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008. Mimi nadhani kingeanza kuuma baada ya 2020, jedwali linaposhuka kwa kasi. Nadhani tu, sina namna ya kuhakiki tani za sheria ambayo haikupita.