Mionzi: tuache kuchanganya dozi, uchafuzi na leseni

Malalamiko kanda hii ya nyanda za juu kusini yamezidi kwa kweli, wenye kliniki za meno mjini Mbeya, wauza skrepa wa Makambako na Tunduma, wasafirishaji wa parachichi wa Rungwe na Njombe, na ukikaa ukawasikiliza unagundua wengi tunagombana nao, sisi wa Tume ya Nguvu za Atomiki tunaosimamia usalama wa mionzi, kwa sababu kila kitu wanakiita mionzi tu, basi imeisha. Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003 haiendi hivyo. Kila neno pale lina wajibu wake na lina adhabu yake.

Nianze na mionzi ayonisha, yaani ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi. Eksirei imo, gama imo. Mnara wa simu, maikrowevu na utrasaundi havimo. Mnara una viwango vyake na unapimwa, hilo sawa, lakini hauwezi kuifanya bati ya nyumba yako iwe na mionzi, tumeshaeleza hadi koo limekauka. Kinachonishangaza ni mama mjamzito anakataa utrasaundi kwa kuogopa mionzi alafu anaingia eksirei bila kumwambia mpigaji kwamba ana mimba! Hapo ndo pa kusema, mama yangu, na useme kabla hujaingia.

Kingine, kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na mionzi ni vitu viwili. Ukikaa karibu na jiko la mkaa unapata joto, ukiondoka joto limebaki kule, ila ukijipaka masizi unaondoka nayo mpaka kitandani. Aliyepigwa eksirei amepigwa tu, hawezi kumwambukiza mtu, kwa hiyo wale wanaomkatazaga mgonjwa kubeba mtoto akitoka eksirei waache. Aliyechafuliwa ni yule mwenye vumbi au kimiminika chenye mionzi mwilini au kwenye nguo, huyo anatengwa na anasafishwa.

Sasa dozi, yaani kiasi cha mionzi ambacho mwili umepokea, inapimwa kwa milisiveti. Mfanyakazi wa mionzi ukomo wake ni milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote mmoja asivuke 50. Mwananchi wa kawaida ni 1. Juu ya hizo kuna mionzi ya asili, ardhini, angani, kwenye chakula, ambayo wastani wake duniani ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka na haihesabiwi kwenye ukomo. Mtu akisoma hivyo anakuja analalamika kwamba hospitali imempiga siti skani (picha nyingi za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) imemzidishia ya mwaka. Hapana jamani, ukomo haumhusu mgonjwa! Mgonjwa analindwa na vitu vingine: daktari awe na sababu ya kweli ya kuagiza hicho kipimo, na mpigaji atumie dozi ndogo kadiri picha itakavyoonekana vizuri. Siti skani moja inaweza kufika milisiveti kadhaa na bado ikawa halali kabisa kama ndiyo inayookoa maisha. Swali la kumuuliza daktari ni kinanisaidia nini, hilo ni haki yako, sio kuhesabu milisiveti.

Kwa wakulima nitapita haraka. Cheti cha mionzi cha mzigo unaosafirishwa hakisemi parachichi lako lina sifuri. Lina potasiamu, na ndani ya potasiamu ya asili daima kuna potasiamu 40 yenye mionzi, hata wewe mwili wako una kama bekereli 4,000 zake (bekereli moja ni atomi moja inayotoa mionzi kila sekunde). Tunachotafuta hasa ni vitu kama siziamu 137, elementi ya mionzi inayotoka kwenye vinu vya nyuklia, ambayo nchi nyingi zilianza kuikagua kwenye vyakula baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986. Cheti kinasema mzigo uko chini ya kiwango, na ni cha mzigo ule uliopimwa tu, usikitoe fotokopi ukaenda nacho Tunduma na mzigo mwingine.

Leseni ndo penye vita. Kuingiza mashine nchini ni kibali, kuimiliki ni leseni, kuitumia ni leseni, na aliyekuuzia hawezi kukuachia ya kwake. Chumba kinachorwa kabla ya kujengwa, unene wa ukuta unahesabiwa, mlango unawekewa bamba la madini ya risasi, taa ya tahadhari nje, anateuliwa Afisa Usalama wa Mionzi, kila mfanyakazi anapewa dosimita yake, kile kifaa kidogo cha kupima dozi, anaivaa kifuani yeye mwenyewe (sio kuitundika ukutani ili "isiharibike", tumezikuta), kisha mkaguzi anakuja. Ukianza kupiga wagonjwa kabla ya hapo ni kosa hata kama mashine ni mpya na maombi yako yako mezani kwetu. Tunaweza kuifunga kwa lakiri, na kesi inaweza kwenda mahakamani kwenye faini au kifungo. Kuomba sio kupewa.

Tofauti nyingine ambayo sheria inaishikilia ni ya mashine na chanzo. Mashine ya eksirei ukiizima umeme mionzi imekata. Chanzo chenye siziamu 137 au kobalti 60 hakina swichi, kinatoa usiku na mchana, na siziamu 137 inachukua miaka 30 kupungua nusu tu. Vifaa vya namna hiyo wakandarasi wa barabara wanavyo kwa kupimia mshindilio wa udongo. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, watu walichukua kifaa cha tiba kilichotelekezwa kwenye kliniki iliyohama, wakakivunja, kikauzwa skrepa, ule unga wa siziamu 137 uliokuwa ndani yake, unaong'aa bluu, ukagawanywa kwa ndugu na majirani. Watu 4 walikufa, watu zaidi ya laki moja walipimwa.

Kwa hiyo muuza skrepa ukiona boksi zito kuliko umbo lake, au alama ya njano yenye mapanga matatu meusi, usikate, usiweke kwenye mzani, rudi nyuma, zuia watu, piga simu polisi au ofisi ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kutoa taarifa hakukufanyi mtuhumiwa. Kukificha ndo kunakufanya. Na familia ambazo marehemu alikuwa na kliniki, ile mashine haiuzwi kwenye msiba, leteni taarifa kwanza, leseni hairithiwi.