Pampu inayonguruma bila kuzunguka haijafa

Hapa Nakuru, mtaani Lanet kama Kiamunyi, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu ikinguruma bila kuzunguka, neno la kwanza ni "imeungua, nunua nyingine." Mara nyingi si kweli. Mngurumo wenyewe ni habari njema kiasi: umeme unafika, na mota inajaribu kuanza.

Hizi pampu ndogo za nusu hospawa zina impela, yaani kigurudumu kinachosukuma maji, iliyobanana sana na ganda lake, nafasi nyembamba kama ukucha. Zikikaa wiki chache bila kazi, kutu kidogo tu inazigandisha. Ulaya hali ni hiyo hiyo: pampu za kuzungusha maji ya kupasha nyumba joto hulala kiangazi chote, baridi ikirudi zimekwama.

Kwanza chomoa plagi, kwa sababu mota iliyokwama na umeme ndani ndiyo huungua kweli. Fungua kifuniko cha nyuma, zungusha feni kwa mkono. Ikigoma, isukume taratibu huku na huku hadi iachie. Ikizunguka kwa ulaini lakini bado inanguruma ukiwasha, shuku kapasita, kile kikopo kidogo kwenye kisanduku cha nyaya kinachoisaidia mota kuanza. Mpya iwe na mikrofaradi (kipimo cha kapasita) zile zile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, na usiguse miguu ya hiyo ya zamani, pale nyaya zinaposhikia, huweza kubaki na chaji.

Harufu ya kuungua na fyuzi inayokatika kila ukiwasha? Hapo sawa, tafuta nyingine.