Shokapu haibebi mzigo, bosi wangu

Jumanne asubuhi iliingia gereji pikapu ya Toyota, Hilux Revo, dabokebini, mgongo umeshuka nyuma kama wa fisi. Juu ya kanopi, lile boma la kufunika bodi ya nyuma, kuna hema, ndani kuna friji, tanki la maji, tairi mbili za spea na meza ambayo nina hakika haijawahi kukunjuliwa. Mwenyewe anakwenda Ziwa Natron na familia. Kabla sijamaliza kumsalimia akaanza: "Fundi, nimeuziwa shokapu feki. Nimebadilisha zote nne, gari halijanyanyuka hata kidole."

Huyo ni wa nne tangu kiangazi kianze. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, naandika.

Nilivua shokapu moja ya nyuma, mpya kabisa, nikaisimamisha sakafuni na kumwambia aikandamize kwa mikono miwili. Ikazama taratibu mpaka mwisho. Alipoachia, ikaanza kupanda yenyewe polepole. Akaruka: "Si hiyo, inainua!" Ile ni gesi iliyomo ndani, imewekwa ili mafuta yasitoe povu, na msukumo wake ni wa kilo chache tu. Kama mikono yako imeizamisha, bosi, kilo 400 za mizigo yako zitaifanyaje?

Kinachobeba ni springi. Shokapu inaituliza springi isiendelee kucheza ngoma baada ya tuta. Basi.

Ila najua uongo huu unakozaliwa. Mbele ya Hilux, tangu zile za Vigo zilizotangulia Revo, shokapu imepita katikati ya springi ya koili na vyote vinafungwa kama kitu kimoja. Mtu ananunua seti nzima, ndani yake mna springi mpya iliyo ngumu zaidi, pua inapanda inchi 2, kisha anakwenda kuwaambia wenzake kijiweni kwamba shokapu zimeinua gari. Kuna hata shokapu zenye ngazi za kupandishia kitako cha springi. Hapo napo aliyeinua ni springi, umemsogezea kiti tu. Nyuma shokapu iko peke yake, na majani ya springi, yale mapande marefu ya chuma yaliyopangana, yako peke yake, kwa hiyo uongo unaumbuka.

Tukaenda kupima. Sikisii siku hizi, natafuta mizani. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanayo, na pesa ya soda inatosha. Unapima ekseli ya mbele, yaani uzito ulioko kwenye magurudumu ya mbele, unapima ya nyuma, gari likiwa limejazwa kila kitu kama siku ya safari, watu wakiwa ndani. Lita moja ya maji ni kilo moja, watu husahau hilo na kufunga tanki la lita 80. Hema la juu peke yake hufika kilo 60. Kisha linganisha na uzito wa mwisho ulioandikwa na kiwanda. Springi mpya haibadilishi namba hiyo. Ekseli, breki na chesisi ni zilezile, hata ukiweka springi za Fuso.

Na mzigo umekaa wapi? Hapa ndipo napandisha sauti. Kilo 60 zilizobanwa ukutani mwa kebini na kilo 60 zinazoning'inia kwenye bampa la nyuma si sawa. Kilicho nyuma ya ekseli kinafanya kazi ya wenzo: kinakandamiza nyuma zaidi ya uzito wake na kuinyanyua pua. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika nyani mitini. Yule bwana alikuwa amefunga spea zote mbili na madebe ya dizeli mlangoni mwa kanopi. Tulisogeza madebe na tanki la maji hadi ukutani mwa kebini, gari likapanda sentimita 3 bila kununua kitu. Hakufurahi sana. Nadhani alitaka kununua kitu.

Njia ya mkato ya mtaani ni kuongeza jani moja kutoka gari chakavu. Nimeifanya, siwezi kukana. Jani geni lina mkunjo wake, linabeba peke yake huku wenzake waliochoka wakilitazama, na siku moja linakatika ukiwa Engaruka, njiani kwenda Natron. Mito ya hewa ya kusaidia springi nayo ina mahali pake, lakini kwenye pikapu iliyojazwa kupita kiasi inasukuma chesisi sehemu moja, na chesisi zimepinda kwa njia hiyo. Na vile vipande vya chuma vya kuwekwa kati ya springi na ekseli usiniletee.

Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, kando ya Ziwa Natron, ina mawimbi, na hapo ndipo shokapu nene zinapolipa. Kila wimbi linageuzwa kuwa joto ndani ya mafuta. Shokapu nyembamba ikishapata moto inalegea, gari linaanza kutembea kiubavu. Punguza upepo wa tairi, punguza mwendo, simama zipoe.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza: kwenye Hilux nyingi za zamani kuna vali ya breki kwenye chesisi juu ya difu, imeunganishwa na ekseli kwa mkono. Inapima nyuma imeshuka kiasi gani ili ijue igawe breki kiasi gani. Ukiinua nyuma bila kurekebisha ule mkono, vali inaamini gari ni tupu, inazinyima tairi za nyuma breki, na wewe umebeba nyumba. Chungulia chini kabla ya kuinua.

Sasa niseme ukweli wangu. Yule bwana nilimfungia springi za mzigo wa kudumu wa kilo 300. Je, ndizo sahihi? Kwa kwenda, ndiyo. Siku ya kurudi maji yameisha, dizeli imeisha, chakula kimeliwa, na mke wake atalalamika kiuno. Miaka yote hii sijapata springi inayofaa safari zote mbili. Nachagua ya katikati, halafu naomba Mungu. Wateja wawili nimewahi kuwafungia ngumu mno, nikazifungua kwa gharama yangu.

Atarudi baada ya kilomita 500 tukaze upya yubolti zinazobana springi kwenye ekseli. Boliti za bushi, ile mipira ya kwenye ncha za springi, nilizikaza gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Fundi wako akizikaza gari likining'inia kwenye jeki, bushi zinakaa zimejisokota tangu siku ya kwanza, na mwezi wa pili utasikia zinalia kama kitanda cha gesti.