Ekstenda haina intaneti yake

Juzi bibi mmoja wa Shangani alinipigia simu: "Mwanangu, njoo uchukue kidude chako. Taa inawaka, lakini televisheni haitaki kabisa." Nikakikuta kidude, yaani ekstenda ya kufikisha waifai mbali, kimechomekwa chumbani kwake, nyuma ya kitanda, hatua tatu tu kutoka kwenye televisheni. Ruta iko chini sebuleni. Katikati kuna kuta mbili za mawe na chokaa, za zile nyumba zetu za Mji Mkongwe, unene dhiraa nzima. Taa ilikuwa inawaka kweli, ila nyekundu.

Kosa hili nakutana nalo kila mara. Mtu anaichomeka ekstenda (wengine huiita ripita) pale pale panapokosa mtandao. Lakini ekstenda haina intaneti yake. Inasikiliza ruta, kisha inarudia ilichokisikia. Isiposikia, itarudia nini? Iweke nusu ya njia, mahali ambapo simu yako bado inashika vizuri. Kwa bibi, pahala hapo palikuwa juu ya ngazi, maana uwazi wa ngazi hupitisha mawimbi kuliko ukuta wa mawe. Na ile adapta ya pini mbili inayochezacheza kwenye soketi, itupe. Ekstenda inayozima na kuwaka itakutia wazimu.

Kuiunganisha na ruta ni kazi ndogo. Bonyeza kitufe cha WPS (cha kuunganisha bila kuandika nywila) kwenye ruta, kisha ndani ya dakika 2 bonyeza cha ekstenda, usubiri taa itulie. Ruta ikiwa haina kitufe hicho, utatumia programu ya ekstenda kwenye simu na kuandika nywila mwenyewe.

Shughuli iko kwenye vyombo vinavyotumia mtandao: televisheni, simu, printa. Ekstenda nyingi huja na jina la ruta lililoongezewa EXT mwishoni, na televisheni ya bibi ilikuwa bado imeng'ang'ania jina la zamani. Nikaingia kwenye mipangilio, nikalifuta jina la ruta, nikachagua jina jipya. Ukitaka, ipe ekstenda jina na nywila zile zile za ruta, herufi kwa herufi, usipate tabu ya kuandika upya kila chombo. Mimi wiki ya kwanza huacha majina mawili, nijue kila chombo kimeshika wapi.

Wasumbufu wakubwa ni balbu, soketi na kamera za waifai. Nyingi zinajua masafa ya waifai ya gigahezi 2.4 tu. Simu yako ikiwa kwenye gigahezi 5, programu ya balbu inaweza kuzunguka weee, mwisho ikakwambia kifaa hakionekani. Zima gigahezi 5 kwenye ekstenda kwa dakika kumi, unganisha balbu, halafu iwashe tena. Printa nayo usiiweke kwenye mtandao wa wageni, ule wa jina la pembeni: mtandao huo kwa kawaida hutenganisha vyombo visionane, kwa hiyo simu iliyo kwenye mtandao wa kawaida haitaiona hata ikiwa juu ya meza moja nayo.

Tukarudi kwenye televisheni. Imeshika, lakini video inakwamakwama. Ekstenda inayosikiliza na kusema kwa masafa yale yale hupoteza karibu nusu ya kasi, kama mtu anayetafsiri hotuba sentensi kwa sentensi. Bahati nzuri, ekstenda ya bibi ilikuwa na tundu la kebo ubavuni. Nikapitisha kebo ya mita nane juu ya fremu ya mlango hadi kwenye televisheni. Sasa ekstenda inasikiliza kwa mawimbi, inasema kwa waya. Tamthilia ikaenda bila kusita.

Kesho yake umeme ukakatika. Uliporudi, simu ikalia tena: "Mwanangu, kimekufa." Hakikufa. Ruta ya faiba huchukua muda kuamka, na ekstenda yake ilikuwa imeitangulia. Nikamwambia aichomoe, asubiri taa za ruta zitulie, ndiyo airudishe. Nilipopita wiki hii nilikuta kabandika karatasi pembeni ya soketi, kwa penseli: ruta kwanza.